Jibu: Mdogo wangu anapenda nyota, asome nini?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa kidato cha nne hapo Mbalizi anaweza kuishi kwa kutazama nyota. Anaweza, ila kazi yenyewe ni hesabu na kompyuta kuliko kuchungulia angani. Achukue PCM (fizikia, kemia na hisabati), kisha shahada ya fizikia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kwa mfano, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aanze mapema. Uzamili wa falaki, yaani elimu ya nyota, upo Chuo Kikuu cha Cape Town. Darubini kubwa ya SALT iko Sutherland, hukohuko Afrika Kusini.

Kwa sasa mtafutie darubini ya macho mawili, hata ya mtumba. Mimi nikiwa Makete, baridi ya Juni inang'ata, niliegemeza yangu kwenye nguzo ya uzio nikaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii imejipanga kama shanga. Mama alidhani nimelewa.