Barua kwa mwanangu: mmoja au wengi?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusomea ghalani, nikisubiri zamu ya kupima korosho. Unauliza kwa nini nchi isiachiwe mtu mmoja mkali, mchapakazi, kuliko vikao visivyokwisha. Nikujibu kwa niliyoyaona hapahapa Newala.

Ulipokuwa kidato cha pili, chama chetu cha msingi cha ushirika wa korosho kilipata mwenyekiti hodari hasa. Hapati usingizi mpaka malipo yatoke. Tukampenda, tukaacha kumuuliza. Akasaini peke yake mkataba wa gari la kupeleka korosho ghala kuu, makato kwenye malipo yetu yakapanda. Mkutano mkuu wa wanachama, ambao kisheria ndio wenye kauli ya mwisho kwenye ushirika, tukaja kuambiwa baadaye. Bibi mmoja akasimama kule nyuma, kanga kaifunga kiunoni: "Katibu, hili limeandikwa ukurasa gani?" Katibu akafungua daftari la muhtasari, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Halikuwamo. Na yule bwana hakuwa mwizi, mwanangu, ndilo linaloniuma. Sisi ndio tuliomzoesha.

Hata nchi nzima inaweza kuongozwa na wengi. Uswisi, tangu 1848, serikali ni baraza la watu saba wanaochaguliwa na bunge. Urais wanapokezana kila mwaka, na anayeushika hana amri juu ya wenzake sita. Wakishaamua, hata aliyepinga anautetea uamuzi. Kwetu Tanzania, Katiba ya 1977 inaliita Baraza la Mawaziri chombo kikuu cha kumshauri Rais, ila ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Washauri wanaweza kuwa ishirini na mwamuzi akabaki mmoja. Usihesabu viti, tazama nani anaweza kusema hapana ikasimama.

Lakini kikundi nacho ni kichaka cha kujificha. "Kamati imeamua," ukiuliza nani alikubali, kimya. Kwa hiyo siku hizi chamani tunaandika majina, waliokubali na waliokataa. Vikao vimerefuka kweli. Juzi tuliingia saa nne asubuhi tukatoka Magharibi, jambo lenyewe gari lilelile. Nilichoka, ila niliporudi nyumbani nilijua kila shilingi ya makato imetoka wapi.

Mama yako anakusalimu. Ukija Desemba tuletee daftari kubwa lenye jalada gumu, hili limebaki kurasa tatu.

Baba yako