Barua kwa Mwanangu Kabla ya Safari ya Istanbul

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu zako zimefika. Sisi hapa hatujambo, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma kwa utulivu, nikaona nisikujibu kwa simu, kwa sababu maelezo yenyewe ni marefu na ninataka uweze kuyarudia mkiwa huko. Umeuliza kama Kiingereza chenu wewe na mumeo kitawatosha Istanbul au kama inakubidi ujifunze Kituruki katika muda uliobaki; tena umeuliza mimi niliwezaje kufuata nguo kule miaka ile ilhali Kiingereza changu ni cha kuungaunga.

Kiingereza kitawatosha hotelini, uwanja wa ndege na katika mitaa ya Sultanahmet, ambako wenyeji wamezoea wageni. Mkivuka maji kwenda Üsküdar au Kadıköy, mkapanda teksi au mkaingia duka la mtaani, mtakutana na watu waungwana sana ambao Kiingereza hawakijui, na hawana sababu ya kukijua. Mzee mmoja mmoja akiona hamwelewani anaweza hata kuwasemesha Kijerumani, kwa kuwa Waturuki wengi walikwenda kufanya kazi Ujerumani Magharibi baada ya mkataba wa mwaka 1961, na baadhi yao wakarudi na lugha hiyo. Kwa hiyo msiende mkidhani kwamba kila mtu anadaiwa Kiingereza. Na mtu asipowaelewa, msimpazie sauti. Nimewaona watalii wakifanya hivyo hapa kwetu, na sijaona bado aliyeeleweka kwa kelele.

Kujifunza lugha nzima katika muda mlionao haiwezekani, na wala usijitese. Jifunze herufi na namba. Waturuki wanaandika kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1928, na kama ilivyo kwetu, neno linasomwa karibu sawasawa na lilivyoandikwa. Herufi ya «c» kwao ni «j» yetu, «ç» ni «ch», «ş» ni «sh», na «ğ» haitamkwi, kazi yake ni kuivuta irabu iliyotangulia. Ukishika hayo machache utaweza kusoma jina la kituo kwa namna ambayo dereva atalitambua, na utaona kwamba «eczane» yenye alama kubwa nyekundu ya E ni duka la dawa. Mlango wa kuingilia umeandikwa «giriş» na wa kutokea «çıkış». Vyooni uwe mwangalifu, kwani mara nyingi «Bay» ni wanaume na «Bayan» ni wanawake, na mtu mwenye haraka huona maneno hayo mawili ni mamoja.

Kuna maneno mtakayoyatambua bila kufundishwa, kwa sababu Kituruki nacho kilichota Kiarabu kama sisi: sabuni, saa, dakika, dunia, habari, yote yapo kwa sauti zilizobadilika kidogo. Mkimaliza kula, ukisema «hesap» mhudumu atakuleteeni bili. Salamu yao ya kila siku ni «merhaba», nao huianza wao, hawaisubirii shikamoo. Itangulize salamu hiyo kabla ya kuuliza chochote, hata kama yanayofuata ni ya kuonyesha kwa kidole. Mgeni anayeanza na swali bila salamu hupokelewa kule kama anavyopokelewa Magomeni.

Sasa nije kwenye namba, ambako fedha za watu hupotelea. Kwenye bili na vibandiko vya bei Waturuki huweka nukta mahali ambapo sisi tunaweka mkato, na mkato mahali ambapo sisi tunaweka nukta. Ukiona 1.250,00 ujue ni lira elfu moja mia mbili na hamsini. Mimi nilipokuwa nikienda Laleli, ambako maduka ya jumla yamepangana mtaa mzima na wauzaji wanajua Kirusi kuliko Kiingereza, nilikuwa na kikokotoo, daftari na sampuli ya kitambaa. Ninaonyesha sampuli, ninachora nguo ninayoitaka, muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo, mimi ninafuta na kuandika yangu, hadi tunakubaliana. Tukishakubaliana nilimtaka aandike kila kitu kwenye risiti kwa mkono wake: idadi, saizi, bei na siku ya kuutoa mzigo. Maneno tuliyosemezana yalikuwa machache sana, na mizigo ilifika Kariakoo kama ilivyoagizwa. Ninyi hamwendi kununua marobota, lakini utaratibu ni uleule hata kwa zulia moja au kilo ya viungo: bei ionekane imeandikwa kabla pochi haijafunguka.

Kuna na jambo la saa, ambalo linatuhusu sisi Waswahili na hutalisoma katika vitabu vya watalii. Saa za Istanbul ni sawa na za Dar es Salaam, kwa sababu Uturuki iliacha kubadili saa kwa majira mwaka 2016, kwa hiyo hamtahitaji kugusa mishale. Tatizo ni hesabu yetu. Ukiiandikia programu ya kutafsiri kwamba mnataka gari saa mbili asubuhi, inaweza kumwambia dereva 02:00, usiku wa manane, au ikabahatisha 08:00, na wewe hutajua ni ipi imetokea. Muda wowote wa miadi uandike kwa tarakimu za saa 24, 08:00 au 14:30, na umwonyeshe mtu akiwa mbele yako.

Programu hizo zitumieni, wala sizidharau. Laiti ningekuwa nazo wakati wangu. Pakueni Kituruki kwenye simu kabla ya kuondoka ili kifanye kazi bila intaneti, na mbebe betri ya akiba. Kwa nilivyoona, tafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kituruki hutoka safi zaidi kuliko kutoka Kiswahili, basi kwa kuwa Kiingereza mnacho, andikeni kwa Kiingereza, sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi, bila mafumbo. Kisha chukua jibu la Kituruki ulirudishe kwa Kiingereza uone kama bado linasema ulichokusudia. Kamera ya simu inasoma vizuri orodha ya vyakula na mabango. Isichofaa ni kukabidhiwa afya yako au sahihi yako: karatasi ya polisi au ya hospitali msiyoielewa msiitie saini kwa kutegemea simu, ombeni mkalimani, hata kama mtasubiri. Hospitali nyingi binafsi za Istanbul hupokea wagonjwa kutoka nje na zina wakalimani.

Hapo ndipo ninapomfikiria mumeo na mzio wake wa karanga. Hili lisiachiwe simu wala mdomo. Neno «fıstık» kwa Waturuki linaweza kuwa karanga au pistachio, ile mbegu ya kijani inayojazwa kwenye baklava. Karanga hasa ni «yer fıstığı», na pistachio ni «Antep fıstığı». Atengenezewe kadi ya Kituruki inayosema kwamba hawezi kula karanga, kwamba zikimwingia hata kidogo koo hufunga na anaweza kufa, na kwamba inahitajika gari la wagonjwa mara moja. Kama daktari wake amemkataza na jamii nyingine za kokwa, kila moja itajwe kwa jina lake. Aionyeshe kabla ya kuagiza chakula, na nakala nyingine ikae kwako. Dawa zake ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe lililo ndani ya karatasi, kwani jina la kibiashara analolijua mfamasia wa hapa huenda kule halipo. Mkikuta duka la dawa limefungwa usiku, tazameni mlangoni: hubandikwa orodha ya maduka ya zamu, ambayo huitwa «nöbetçi eczane».

Karatasi nyingine ni ya anwani. Jina la hoteli, mtaa na wilaya viandikwe kama vinavyoandikwa kwa Kituruki, nakala moja kwako na moja kwake, kwa sababu simu huzimika na watu hupotezana sokoni. Siku ya kurudi msimwambie dereva «uwanja wa ndege» tu. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa, ule mpya upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ndefu ya kukosesha ndege. Mwonyesheni jina lililoandikwa kwenye tiketi.

Katika kuuliza njia, epuka swali linalojibika kwa ndiyo. Ukimwonyesha mtu basi na kumwuliza «Kadıköy?», atakuitikia «tamam» kwa adabu tu, kama sisi tunavyomwitikia mgeni «sawa» bila kuelewa alichosema. Badala yake mwonyeshe jina na umwachie yeye aonyeshe: basi lipi, gati lipi, upande upi. Akikataa, anaweza kuinua kichwa juu pamoja na nyusi na kutoa mlio wa ulimi unaokaribia msonyo. Msikasirike; kwake hilo ni «hapana» ya kawaida, hajawadharau.

Nina neno kuhusu wale watakaowaelewa vizuri mno. Karibu na misikiti mikubwa na kule Taksim atatokea kijana mwenye Kiingereza laini, atauliza mmetoka wapi, atawasifu Watanzania, kisha atataka awapeleke duka la zulia la mjomba wake au mahali pa kunywa kidogo. Ulikwisha kuwaona papasi wa Zanzibar, basi huyu ni ndugu yao, ila yule wa baa ana hatari zaidi, kwani bili hutoka kubwa na mlangoni kuna watu wa kuhakikisha inalipwa. Msaada ulio salama ni ule mnaouomba ninyi kwa mtu mliyemchagua: mama mwenye watoto, mwenye duka aliye kazini, mwanafunzi kituoni. Wanafunzi hasa hupenda kukijaribu Kiingereza chao.

Majumba ya makumbusho hayatawasumbua. Kwenye jumba la Topkapı, ambalo hufungwa Jumanne, kuna vifaa vya sikioni vya maelezo ya Kiingereza. Vivuko navyo ni rahisi, kadi ya nauli iitwayo Istanbulkart mnagusa na kupita bila kusema na mtu.

Likitokea la kutokea, namba ni 112 kwa polisi, wagonjwa na zimamoto, ileile tunayoijua hapa kwetu. Sultanahmet wapo polisi wa utalii, nendeni kwao kwanza kama pasipoti imepotea, mpate taarifa ya maandishi. Ubalozi wetu uko Ankara, si Istanbul, kwa hiyo andikeni namba yake kwenye zile karatasi za anwani, maana hamtaweza kufika mara moja kwa miguu.

Nitumie nakala za pasipoti zenu, tiketi na anwani ya hoteli kabla ya wiki ya safari. Kadi ya karanga nitumie mapema kuliko vyote. Yuko mteja wangu Kariakoo aliyesoma Uturuki, nitampa aipitie neno kwa neno, na usiichapishe mpaka nikurudishie.

Mama yako