Mbona makaburi yetu ya zamani yamejaa watoto? Maswali ya wasomaji

Barua nyingi safari hii zimehusu yale makaburi madogo ya kijijini, ya ukoo mmoja au kanisa moja, mawe machache yameinama na nyasi zimeota. Nimechagua tano.

SWALI: Kwenye makaburi ya ukoo wetu mstari wa nyuma wamelala ndugu watano wa baba na mama mmoja, mkubwa alikuwa na miaka tisa, na wote walikufa ndani ya wiki sita. Wazee wanasema nyumba ile ilikuwa na laana, wengine wanadai mama yao alikuwa mzembe. Mimi ni kitukuu wa mtoto pekee aliyebaki. Ni nini kiliwapata hawa watoto?

JIBU: Pole sana, na huyo mama naye anastahili pole maana alizika watoto watano halafu akabebeshwa na lawama juu. Anza na tarehe ndugu yangu. Watoto wa nyumba moja wakifa kwa kufuatana hivyo, leo mmoja, baada ya siku nne mwingine, wiki ijayo wawili, kwa kawaida hapo kuna ugonjwa wa kuambukiza umepita, dondakoo, homa nyekundu, surua, kifaduro au ndui, na watoto walilala wengi kitanda kimoja kwa hiyo akishapata mmoja basi wote wako hatarini, na mama anayewauguza hana dawa yoyote ya maana mkononi. Dondakoo ndilo lilikuwa baya kuliko, linaota utando kooni mtoto anakosa hewa huku mzazi anamtazama. Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha njia ya kulitibu mwaka 1890, chanjo yake ikaja miaka ya 1920, ya surua ndo kabisa, mwaka 1963. Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 karibu watoto 4 kati ya 10 duniani hawakufika miaka mitano.

Na hao wanaosema uzembe waambie hivi. Mwaka 1856 mkuu wa kanisa kuu la Carlisle kule Uingereza, Archibald Tait, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alipoteza mabinti watano kwa homa nyekundu kati ya Machi na Aprili. Watano, kama wa kwenu. Mwaka 1878 dondakoo liliingia kwenye jumba la Princess Alice, binti wa Malkia Victoria, likamuua mtoto wake Marie wa miaka minne, mwezi uliofuata likamchukua Alice mwenyewe aliyekuwa anawauguza. Hawa walikuwa na madaktari, vyumba na pesa na bado haikusaidia, sasa mwanamke wa kijijini mnamlaumu kwa lipi?

Ukitaka uhakika zunguka mawe ya familia zingine hapo hapo, tafuta mwaka ule na miezi ile. Ukikuta watoto wa majirani nao wamekufa kipindi hicho, umepata jibu, na ukienda kwenye daftari la mazishi la kanisa wakati mwingine wameandika hadi ugonjwa. Ila kama wangekufa siku moja wote ningefikiria moto au maji. Na kama wangekuwa vichanga watupu wa miaka tofauti, wa kwanza akapona waliofuata wakafa siku chache baada ya kuzaliwa, hiyo inaweza kuwa damu ya mama na ya mtoto kutopatana, jambo ambalo madaktari walianza kulielewa kuanzia 1940 hivi na kinga yake ikapatikana 1968. Laana haimo popote.

SWALI: Kuna mawe mawili jina ni lile lile, wazazi ni wale wale, miaka tofauti. Mchongaji alikosea?

JIBU: Hakukosea. Mtoto akifa, anayefuata wa jinsia ile ile alikuwa anapewa jina lake, hasa kama ni jina la babu au bibi ambalo familia haikutaka lipotee. Vincent van Gogh mchoraji alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, na mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe hiyo hiyo, mama yake alijifungua mtoto mfu ambaye naye aliitwa Vincent. Kaburi la yule wa kwanza liko pale kanisani Zundert, Uholanzi, kanisa ambalo baba yao alikuwa mchungaji, kwa hiyo Vincent alikua akilipita jiwe lenye jina lake. Ukiwa unatengeneza orodha ya ukoo usiwaunganishe wakawa mtu mmoja, hili linatokea sana na ndipo mtoto mmoja anafutika kabisa.

SWALI: Mbona wanawake wengi wamekufa na miaka 20 na kitu?

JIBU: Uzazi, mara nyingi. Tazama kama kuna kichanga cha tarehe za karibu, au jiwe moja lenye majina mawili. Homa ya baada ya kujifungua iliua wengi, na Ignaz Semmelweis alionyesha Vienna mwaka 1847 kwamba daktari kunawa mikono kwa maji ya klorini kunapunguza sana vifo hivyo, wenzake wengi wakampinga. Kifua kikuu nacho kilipenda umri huo. Ila kama tarehe ni mwishoni mwa 1918 na wanaume vijana nao wamo, fikiria kwanza ile homa kuu ya mafua, ilichagua hasa watu wenye nguvu zao.

SWALI: Maandishi hayasomeki, nimeshauriwa nisugue kwa brashi ya waya na dawa ya kung'arishia nguo. Ni sawa?

JIBU: Usifanye! Tafadhali sana. Marumaru inaliwa na mvua yenye asidi, ile ngozi ya juu iliyobaki ndiyo yenye herufi, ukipitisha waya umeyafuta mwenyewe, na hiyo dawa inaacha chumvi ndani ya jiwe linaendelea kumeguka. Maji safi na brashi laini, basi, na kama jiwe linatoa unga au linabanduka magamba hata hiyo brashi acha. Kusoma tu hakuhitaji kusugua, nenda jua likiwa chini au tumia kioo kuelekeza mwanga upite ubavuni mwa jiwe, vivuli vinaingia kwenye herufi, piga picha.

SWALI: Mama yangu, sasa ni mzee sana, alijifungua mtoto mfu, wakamchukua wakamzika bila yeye kuwepo. Anajua ni makaburi yale lakini hakuna jiwe. Nitampata vipi?

JIBU: Dada, inawezekana lakini sitakuahidi. Watoto hawa ndio waliopotea zaidi kwenye kumbukumbu, hata Uingereza waliozaliwa wafu walianza kusajiliwa mwaka 1927 tu. Uliza daftari la kanisa na la mchimba kaburi. Angalia pembezoni na hata nje ya uzio, kwa sababu wasiobatizwa walikuwa wanakataliwa ndani, Ireland kuna sehemu nyingi za aina hiyo zinaitwa cillíní. Mara nyingine kichanga kiliwekwa kwenye jeneza la mtu mzima aliyezikwa siku hiyo, kwa hiyo tafuta na mazishi ya wiki ile. Ardhi iliyodidimia kidogo, fupi, au mawe mawili madogo yaliyokaribiana ni dalili, na ipo rada ya kupenya ardhini inayoonyesha udongo uliowahi kuchimbwa. Usichimbe wala kuchomeka fimbo ardhini.

Wakati unatafuta, muulize mama kama alimpa jina. Kama alimpa, omba ruhusa kwa wanaosimamia makaburi uweke jiwe dogo lenye hilo jina na mwaka, uandike amezikwa katika makaburi haya, hata kama mahali penyewe hapajajulikana. Fanya hivyo mama akiwa bado anaweza kwenda kuliona.