Wanaobaki Stendi: Maswali Yenu Kuhusu Ligi za Hoki ya Vyuo

Tangu niguse habari ya hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani, barua hazijakauka, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: kwa nini timu zile hazitulii kwenye ligi moja? Nimechagua chache. Wale mlionitaka nimtaje bingwa wa msimu ujao mnisamehe, mimi si mpiga ramli.

Nimesoma kwamba chuo fulani "kinatoka CCHA kinakwenda NCHC". Kimepanda daraja au kimeshuka? (Msomaji, Mwanza)

Si kupanda, si kushuka: CCHA na NCHC ni ligi mbili za hoki ya vyuo, zote za Daraja la Kwanza. Ondoa kichwani habari za Ligi Kuu na Championship. Kule timu inaweza kushika mkia miaka kumi mfululizo na msimu ukianza ikakuta kiti chake kiko palepale. Ligi ya vyuo ni chama: wakuu wa vyuo hukaa, wakajadiliana, wakakubaliana nani aingie, na anayetaka kuondoka hutoa taarifa mapema akaondoka.

Madaraja yapo, ila yana maana nyingine. Daraja la Kwanza huruhusu kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu anacheza vizuri. Daraja la Tatu haliruhusu. La Pili halina mashindano ya taifa ya hoki ya wanaume tangu 1999, ndiyo maana utakuta Bemidji State au Lake Superior State, ambao kwenye mpira wa kikapu ni watu wa Daraja la Pili, wanapambana barafuni na vyuo vikubwa vya Daraja la Kwanza.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Ligi nyingi za vyuo hazina hoki kabisa. Chuo huwa na nyumba yake ya kikapu na riadha, halafu hoki yake inakwenda kupanga chumba kwingine. Ukishaelewa kwamba wengi wa hawa ni wapangaji, barua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Kila anayeandika juu ya hoki ya vyuo huutaja mwaka 2013 kama mwaka wa njaa. Ulitokea nini? (Msomaji, Nairobi)

Ilitokea shibe, tena ya mtu mmoja. Septemba 2010 Terry Pegula, tajiri wa gesi aliyesoma Penn State, alikipa chuo chake dola milioni 88 kijenge uwanja wa barafu na kuanzisha timu za Daraja la Kwanza. Baadaye mchango ukafika milioni 102.

Sasa tazama hesabu. Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa mno, ilikuwa na vyuo vitano tu vyenye hoki ya wanaume ya daraja hilo, vyote wapangaji kwa watu: Michigan, Michigan State na Ohio State walikuwa CCHA, Minnesota na Wisconsin walikuwa ligi nyingine, WCHA. Ligi inahitaji timu sita ili bingwa wake apate tiketi ya moja kwa moja ya kucheza mashindano ya taifa. Penn State alikuwa yule wa sita aliyesubiriwa. Mwaka 2011 Big Ten ikatangaza ligi yake ya hoki, ianze msimu wa 2013-14.

Waliobaki hawakungoja paa liwaangukie. North Dakota, Denver, Colorado College, Minnesota Duluth na Omaha wakajitoa WCHA, wakamchukua Miami ya Ohio kutoka CCHA, wakaunda NCHC. St. Cloud State na Western Michigan wakafuata. Notre Dame akaenda ligi ya Hockey East. CCHA, iliyoanzishwa 1971, ikafunga milango 2013, na timu zake zilizosalia zikahamia WCHA kama watu waliohamishiwa basi jingine gari lao lilipokata injini njiani.

Kuna kichekesho ambacho sichoki kukisimulia. Big Ten ndiyo iliyotikisa mti, lakini hadi 2025 hakuna timu yake ya hoki ya wanaume iliyobeba ubingwa wa taifa tangu ligi hiyo ianze. NCHC, waliokimbia wakihofia kuachwa maskini, walichukua mataji 7 kati ya 9 yaliyogombewa kuanzia 2016 hadi 2025.

Mimi naishi Anchorage. Watu wa hapa wakisikia jina WCHA wanakunja sura. Waliudhiwa na nini? (Msomaji, Alaska)

Hao wana haki ya kukunja sura, ndugu yangu.

Baada ya 2013, WCHA ilikuwa na timu kumi zilizotapakaa: saba za eneo la Maziwa Makuu ya kule na Minnesota, mbili za Alaska (Anchorage na Fairbanks), na moja ya Huntsville, Alabama. Huntsville hadi Fairbanks ni zaidi ya kilomita 5,000 kwa mstari ulionyooka, karibu kama kutoka Dar es Salaam hadi Istanbul. Hiyo ni ligi moja, na wachezaji ni wanafunzi wenye mtihani Jumatatu.

Juni 2019 wale saba wakatangaza kwamba wanaondoka pamoja. Walitaka ligi ambayo safari zake zinabebeka na ambayo kila chuo kinaitilia mkazo hoki. Wakaondoka 2021, wakafufua jina la marehemu CCHA, na wale watatu wa mbali hawakualikwa. WCHA ya wanaume, ligi iliyoanza 1951, ikafa. Ya wanawake bado ipo.

Sitawaita wale saba wabaya. Kupeleka timu nzima Alaska kwa ndege, na mabegi yale ya hoki yalivyo mazito, ni gharama inayoweza kumla mhasibu wa chuo kidogo usingizi. Lakini magazeti yaliandika sana kuhusu ligi mpya na nembo yake. Kuhusu watatu waliobaki stendi, kidogo mno.

Huntsville walikuwa mabingwa wa taifa wa Daraja la Pili mwaka 1996 na 1998, na walicheza mashindano ya taifa ya Daraja la Kwanza 2007 na 2010. Timu ilitangazwa kufutwa 2020, wafadhili wakaiokoa, ikatafuta ligi ya kuipokea ikakosa. Mei 2021 ikasimamishwa.

Anchorage kwenu, bodi ya chuo kikuu iliamua Septemba 2020 kuifuta hoki isipokuwa zichangwe dola milioni 3, gharama za miaka miwili. Watu wakachanga, hadi Agosti 2021 fedha ikatimia, na timu ikarudi barafuni msimu wa 2022-23, bila ligi.

Fairbanks nao hawana ligi. Msimu wa 2022-23 walishinda mechi 22, wakapoteza 10 na kutoka sare 2, halafu wakakosa mashindano ya taifa kwa nafasi chache. Aliye ndani ya ligi angekuwa na njia ya pili: unaamka vizuri wikiendi moja, unachukua kombe la ligi, unaingia. Fairbanks hawana kombe la kuchukua. Kinachowasaidia ni kanuni kwamba mechi ambazo timu ngeni inacheza Alaska hazihesabiwi kwenye idadi ya juu ya mechi zake za msimu, kwa hiyo mgeni anapata mechi za ziada. Ni chambo kizuri, ila bado lazima umshawishi mtu apande ndege mwezi wa Januari.

Nimehamia Saint Paul mwaka jana. Jirani yangu anasema chuo cha St. Thomas kilifukuzwa ligi kwa kushinda sana. Ananitania? (Msomaji, Minnesota)

Hakutanii. Ligi ya MIAC ilianza 1920 na St. Thomas ni mmoja wa waasisi wake. Ni ligi ya Daraja la Tatu ya vyuo binafsi vya Minnesota, vingi vikiwa na wanafunzi elfu mbili tatu hivi. St. Thomas akakua, akawa na wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao elfu sita, akaanza kuwakung'uta wenzake karibu katika kila mchezo. Mwaka 2017, kwenye futiboli ya Kimarekani, aliwafunga St. Olaf 97 kwa 0. Hata mtoto wa mtaani angesema basi jamani, rudisheni mpira kwa mwenyewe.

Mei 2019 MIAC ikatangaza kwamba St. Thomas anaondolewa bila ridhaa yake, kwa sababu ya uwiano wa ushindani. Akapewa muda hadi 2021. Angeweza kutafuta ligi nyingine ya Daraja la Tatu kimyakimya. Yeye akaomba kuruka moja kwa moja hadi Daraja la Kwanza, na Julai 2020 akakubaliwa, jambo ambalo hakuna chuo kilichowahi kufanyiwa katika mpangilio wa sasa wa madaraja.

Ukitaka kuona upangaji ninaousema, hesabu vyumba vyake: michezo mingi Summit League, futiboli Pioneer League, hoki ya wanawake WCHA, hoki ya wanaume CCHA hadi msimu wa 2025-26. Chuo kimoja, makazi manne.

Msimu wa kwanza wa hoki ya wanaume alikiona: ushindi mara 3 na vipigo 32. Machi 2025 alikuwa fainali ya CCHA akafungwa na Minnesota State. Uwanja wake mpya, uliopata mchango wa dola milioni 75 kutoka kwa Lee na Penny Anderson, ulifunguliwa msimu wa vuli wa 2025. Na NCHC ikamwita ajiunge msimu wa 2026-27. CCHA waliompokea akiwa hana pa kwenda watabaki wanane. Sina hakika kama nimshangilie au nimsute.

Kwa nini ligi ihitaji timu sita ili bingwa wake apate tiketi? Wangeweka nne watu wasingehangaika. (Msomaji, Mombasa)

Wangeweka nne, kesho matajiri wanne wangejifungia chumbani na tiketi yao. Mashindano ya wanaume ya Daraja la Kwanza yana nafasi 16: mabingwa wa ligi sita huingia moja kwa moja, kumi wengine huingia kwa hesabu za matokeo. Ligi ikipungukiwa hupewa muda mfupi wa kujaza pengo, ndiyo maana timu moja ikiyumba kidogo tu, makamishna wanaanza kupigiana simu.

Mpwa wangu anacheza hoki na amepokea barua kutoka vyuo viwili vya Daraja la Tatu. Tuogope kwamba ligi itavunjika akiwa mwaka wa pili? (Msomaji, Ontario)

Ligi kuvunjika kusikuogopeshe sana, dada. Huko chini kuhama ni jambo la kawaida na timu huendelea kucheza. Mwaka huohuo wa 2013, vyuo vitano vya umma vya Wisconsin vilijitoa NCHA vikaenda kucheza hoki chini ya ligi yao ya nyumbani, WIAC. St. Norbert na St. Scholastica wakaachwa wawili, wakaungana na timu za ligi nyingine, MCHA, na jina NCHA likaendelea. St. Norbert hata hawakutetereka, walibeba ubingwa wa taifa 2014 na tena 2018. St. Scholastica wao walihamia MIAC 2021, mwaka uleule St. Thomas alipotoka.

Gharama ya mipangilio hii mpwa wako ataisikia mgongoni, kwenye basi. Chuo cha Adrian kiko Michigan na wapinzani wake wengi wako Wisconsin, ng'ambo ya ziwa. Basi halipandi maji: linashuka hadi Chicago, linalizunguka Ziwa Michigan, linapanda upande wa pili. Fikiria mtu wa Mwanza anayekwenda Entebbe kwa barabara, tena mara kadhaa kwa msimu, vitabu vikiwa mapajani.

Kinachostahili kuogopwa ni chuo chenyewe kufungwa. Becker cha Massachusetts kilifungwa 2021. Finlandia cha Hancock, Michigan, kilifungwa 2023, na hilo liliniuma, kwa sababu ng'ambo ya mfereji tu kutoka Hancock ndiko timu ya Portage Lakes ilikocheza katika ligi ya kwanza ya hoki ya kulipwa, mwaka 1904. Northland cha Wisconsin kilifungwa 2025. Kwa hiyo kocha akishamaliza kukuonyesha vyumba vya kubadilishia nguo, ulizia idadi ya wanafunzi walioingia mwaka huu na walioingia miaka mitano iliyopita. Akianza kujiumauma, umeshapata jibu. Na kumbuka Daraja la Tatu hakuna fedha ya hoki. Msaada atakaopata ni wa masomo au wa hali ya familia, na timu ikifa, yeye bado atakuwa anadaiwa ada ya chuo hichohicho.

Je, ipo ligi yoyote iliyotulia? (Msomaji, Muscat)

Ipo. ECAC. Mara ya mwisho kubadilika ni 2005, Vermont alipokwenda Hockey East na Quinnipiac akachukua nafasi yake. Kumi na wawili wale wapo hadi leo, na wadogo wao hawanyanyasiki: Union, chenye wanafunzi elfu mbili na ushei, ambacho wakati huo hakikutoa hata senti ya ufadhili wa hoki, kilimfunga Minnesota 7-4 fainali ya taifa ya 2014.

Siri yao, nionavyo mimi, ni jiografia na utaratibu wa kwenda wawiliwawili. Clarkson yuko Potsdam, St. Lawrence yuko Canton, miji miwili ya kaskazini kabisa mwa jimbo la New York, umbali wa kama kilomita 17. Mgeni anapanda basi mara moja, Ijumaa anacheza na huyu, analala hoteli moja, Jumamosi anacheza na yule, usiku anageuza kurudi nyumbani.