Maswali Yenu: Shampeni Yenye Mwaka

Chupa yangu imeandikwa 2008. Je, zisizo na mwaka ni duni?

Huo ni mwaka wa mavuno. Zabibu zote zilizomo zilichumwa mwaka huo. Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuna baridi na hali ya hewa ni kigeugeu, kwa hiyo watengenezaji wengi huchanganya mvinyo wa miaka mbalimbali ili ladha isiyumbe. Hiyo si kazi duni hata kidogo. Mavuno yakiwa mazuri ndipo hutoa chupa ya mwaka mmoja, na sheria inawataka wasiiuze kabla haijatimiza miaka 3 tangu kutiwa chupani. Isiyo na mwaka hutakiwa kukaa miezi 15. Na 2008 umebahatika: uchachu wake ni mkali na safi, ndio unaoipa shampeni umri mrefu.

Niipoze kiasi gani?

Nyuzi 10 hadi 12. Ndoo ya maji na barafu, nusu kwa nusu, kwa dakika 30 hivi. Friza hapana, tafadhali. Baridi kali huifunga harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

Naogopa kuifungua.

Una haki. Presha iliyomo inapita mara mbili ile ya tairi la gari dogo. Bana kizibo kwa kidole gumba, legeza waya bila kuutoa, inamisha chupa. Kisha zungusha chupa, usizungushe kizibo. Utakisikia kikisukuma kiganja chako. Kizuie, kitoke kidogo kidogo. Mlio mzuri ni kama pumzi ya mtu aliyelala.

Wajuzi wanataja mkate, lozi, uyoga. Mimi nasikia uchachu na mapovu tu. Wanavipata wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa sukari na hamira, ukazibwa, ukachachuka tena ndani ya chupa ileile. Ndiko viputo vinakozaliwa. Hamira ikishamaliza kazi hufa na kuwa mashapo, na mvinyo hukaa nayo miaka kadhaa huku seli zake zikivunjika taratibu na kuachia ladha. Ile harufu ya mkate unaotoka tanuri chanzo chake ni hapo. Lozi, asali na uyoga huja na uzee.

Sasa jaribu hivi. Weka kando glasi ndefu nyembamba. Haiachi nafasi ya harufu kukusanyika. Chukua yenye tumbo na mdomo uliobana, mimina theluthi tu. Nusa kabla ya kunywa. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, halafu tulia usikilize ladha inadumu muda gani. Kisha iache glasi mezani. Kuna jioni niliandika maneno matatu mara baada ya kumimina: limau, chaki, tufaha. Nusu saa baadaye, glasi ileile, nikaandika siagi, njugu, asali. Kumbe mvinyo ulikuwa bado unafunguka, na mimi nilikaribia kuumaliza kwa pupa.

Niliyofungua ina viputo vichache. Imeharibika?

Si lazima. Gesi hupenya kizibo polepole mwaka hadi mwaka, na shampeni nzee huwa na viputo vidogo, laini. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta shampeni kwenye meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, bahari ya Baltiki, ikiwa na takriban miaka 170. Viputo vilikuwa karibu vimekwisha. Waonjaji walianza kunusa mnyama na nywele zilizolowa, lakini ilipopata hewa vikaja moshi, ngozi, matunda na maua. Kwa hiyo usimwage kabla hujaipa muda.

Kijiko mdomoni mwa chupa huzuia gesi isitoke?

Hakizuii. Tumia kizibo cha kubana, rudisha kwenye friji, uimalize kesho.