Ukumbi wa nini, dada?

Nimekusoma. Mko sita, mmekua pamoja Magomeni tangu mnacheza rede, sasa mnataka kusherehekea urafiki wenu. Mmoja anang'ang'ania ukumbi, sare za kitenge na mchango wa laki mbili kila mtu, na wawili wameanza kukaa kimya kwenye kundi la WhatsApp.

Ukimya huo ndio jibu. Mtu mliyeazimana naye kandambili utotoni hatasema mbele ya wengine kwamba hana hela. Atasema ana msiba Tanga. Kwa hiyo usiwaulize kundini, mpigie kila mmoja peke yake. Yule wa ukumbi mpigie mwisho, tena kwa upole (kila kundi lina mtu wa hivyo, na bila yeye hamkutani kabisa).

Mimi ningesema Jumapili jioni, Coco Beach: mihogo ya kukaanga na pilipili yake, mishikaki, mkeka mmoja, stori mpaka giza. Au pandeni kivuko pale Magogoni mwende Kigamboni, kila mtu na hotpoti lake. Kitenge kama ni lazima, nunueni Kariakoo kwa bei ya jumla, kila mtu atashona akipata nafasi.

Halafu kuna yule mama wa mtaani aliyekuwa anawalisha wote mkitoka shule. Hukumtaja, lakini najua yupo. Anzieni kwake asubuhi, mpelekeeni doti ya kanga na sukari. Msimpe taarifa mapema, la sivyo mtamkuta jikoni tangu alfajiri anawapikia pilau.