Kusomea mabadiliko ya idadi ya watu

Ndugu, umeuliza kama anayesomea idadi ya watu chuoni anajifunza kuhesabu watu tu. Sivyo, kuhesabu ni kazi ya sensa, ilhali mwanafunzi hufundishwa kueleza kwa nini takwimu zimebadilika na mabadiliko hayo yatagharimu nini.

Chukua mkoa wetu wa Mwanza, ambao katika Sensa ya 2012 ulikuwa na watu 2,772,509 na katika ile ya 2022 ukawa na 3,699,872. Je, ni kiasi gani cha ongezeko hilo kimetokana na uzazi, kiasi gani na kupungua kwa vifo vya watoto, na kiasi gani na wageni waliofuata samaki au biashara za mjini? Jibu lina uzito, kwa kuwa watoto wengi wanahitaji madarasa na chanjo, lakini vijana wahamiaji wanahitaji ajira na vyumba vya kupanga, na wengi huishia kujenga kwenye milima ya mawe ambako kufikisha maji ni ghali.

Sensa ya kila miaka 10 haitoshi kujibu hayo yote. Ndiyo maana kule Kisesa, wilayani Magu, watafiti wamekuwa wakifuatilia kaya tangu 1994, wakiandika vizazi, vifo na uhamaji. Kwa maoni yangu, hilo ni darasa bora kuliko kitabu chochote. Hisabati ipo, tena si haba, hivyo takwimu usiikwepe mwaka wa kwanza.